Injini ya boti iliyokwama kwa miaka: namna ya kuifungua bila kuivunja

Nairobi haina bahari, lakini injini za boti hazikosekani kwenye kibanda changu hapa Kariobangi Light Industries. Spea ziko Barabara ya Kirinyaga na mafundi wa kukereza wako Industrial Area, kwa hiyo mtu akiharibikiwa Naivasha, au Mbita kule Ziwa Victoria, huipakia injini kwenye pikapu akaja. Nyingine hazikuja Nairobi kutengenezwa. Zilikuja na wenyewe: mvuvi amestaafu, amehamia kwa mwanawe Kayole au Embakasi, na injini imekuja kwenye lori pamoja na kabati na magodoro. Ikawekwa chini ya mabati, ikafunikwa gunia, mvua za masika zikapita mara saba, mara nane. Siku moja mjukuu anaulizia, mzee anaishika kamba, anavuta. Kamba haiji.

Ninaandika kwa ajili ya siku hiyo. Kutu ya miaka minane mara nyingi huwa haijaiua injini. Huuawa na nusu saa inayofuata: vijana wawili wanaitwa wavute kwa pamoja, mwingine analeta bomba la mita moja alitie kwenye mpini wa spana, kitu kinalia "tak", na wote wanafurahi kwamba imeachia. Kilicholia ni ringi iliyokatika, au konrodi (fimbo inayoishika pistoni) iliyopinda. Injini ambayo ingefunguka kwa mafuta ya shilingi mia chache sasa inadai pistoni mpya na silinda kuchongwa.

Nitaifuata injini moja tangu ilipoletwa hadi ilipoondoka. Ni Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, silinda mbili, sentimita za ujazo 703. Mwenyewe ni mzee aliyevulia Mbita, na ilikuwa imelala Kayole miaka saba. Aliponiletea aliuliza swali moja tu: "Fundi, hii imekufa ama imelala?"

"Mzee wangu, nipe wiki mbili nikujibu," nikamwambia. Hakupenda, lakini aliniachia.

Kwa nini inakwama

Ukijua kilichoshika, utajua pa kutia mafuta. Silinda za injini hizi ni bodi ya alumini iliyovikwa ndani bomba la chuma cha kalibu. Pistoni ni alumini, ringi zake ni chuma. Alumini haishiki kutu nyekundu, chuma kinashika. Kwa hiyo mahali pa kukwama ni pembamba sana: pale ringi zinapogusana na ukuta wa silinda. Ni mduara wa kutu wenye upana wa milimita chache, basi.

Unyevu huingia kwa njia mbili, mdomo wa kabureta na njia ya moshi. Asubuhi za Julai hapa Nairobi chuma kinalala baridi, jua likitoka hewa yenye unyevu inaingia na kugeuka umande ndani ya silinda. Kwenye injini ya silinda mbili, pistoni moja ikiwa juu nyingine iko chini, na ile ya chini imeacha tundu la moshi wazi. Silinda hiyo ndiyo inayooza kwanza. Nimezoea kukuta moja ina kutu kama sufuria iliyosahauliwa nje na jirani yake ingali inang'aa.

Iliyotoka Lamu au Mombasa ina jambo la ziada, chumvi. Chumvi hujaa kwenye mifereji ya maji ya kupoza na kuzunguka bolti, ikawa unga mweupe mgumu. Bolti za namna hiyo hukatika kwa urahisi mno. Kama ni yako, zidisha mara mbili muda wa kusubiri ninaoutaja humu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kilichokwama ni injini

Hapa watu wengi huruka, na hapa ndipo nimeona kazi nyingi za bure. Injini ya boti ina vitu vitatu vinavyozunguka pamoja: kranki juu (shafti inayozungushwa na pistoni), shafti ndefu inayoshuka, na gia boksi chini karibu na propela. Katikati ya shafti, ndani ya mguu (sehemu ya chini ya injini), kuna pampu ya maji yenye impela ya mpira. Chochote kati ya hivyo kikishika, kamba haivutiki, na wewe utadhani ni pistoni.

Tia gia kwenye nyutro. Jaribu kuzungusha propela kwa mkono. Halafu fungua skrubu ya chini ya gia boksi uone kinachotoka. Oili safi ni habari njema. Maji, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake sili ya propela imeachia na huenda beringi za chini zimeoza.

Sasa teremsha mguu. Achanisha kwanza fimbo ya kubadilishia gia, kisha legeza bolti zinazoushikilia mguu kwenye kiwiliwili. Kuna bolti moja ambayo aghalabu hujificha chini ya kile kipande cha zinki nyuma ya propela, na mtu asiyeijua hupiga nyundo siku nzima. Mguu ukikataa kushuka ilhali bolti zote zimetoka, basi meno ya juu ya shafti yameshikana na kranki kwa kutu. Nyunyizia mafuta ya kupenya, ngoja hadi kesho, kisha gongagonga kwa nyundo ya mpira huku na huku.

Mguu ukiwa chini, jaribu tena kuzungusha flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya kranki, kwa mkono. Ikizunguka, pole na hongera: injini yako haikuwa imekwama hata kidogo. Impela ya mpira hukauka na kugandamana na kikombe chake. Nimewahi kuletewa injini iliyokwisha kuuzwa kwa bei ya vyuma chakavu, kumbe ni kimpira hicho.

Ya mzee wa Mbita mguu ulishuka vizuri, oili ilikuwa nyeusi bila maji, impela ilikuwa imekauka kama ganda la chungwa. Flaiwili haikusogea. Kwa hiyo ni juu.

Hatua ya pili: plagi na tochi

Chomoa waya za plagi na uzifunge mbali. Pulizia hewa kuzunguka plagi ili mchanga usianguke ndani. Tia mafuta ya kupenya kwenye shina la kila plagi na uende ukanywe chai, maana hedi (kifuniko cha silinda) ni alumini na hesi zake, ile mikato ya skrubu, ni laini. Plagi ikianza kugeuka kisha ikakaza, irudishe nyuma robo, tia mafuta, ilegeze tena. Ukiilazimisha itatoka na hesi zote, nawe utakuwa umejipa kazi ya kutia hesi mpya za bandia kabla hujaanza kazi yenyewe.

Chungulia kwa tochi. Siku hizi kuna kamera ndogo za waya zinazounganishwa na simu, nazo zinaonyesha ukuta mzima. Tafuta mambo mawili: kila pistoni imesimama wapi, na kutu ina sura gani. Kutu ya unga, rangi ya matofali, hulainika. Ukiona mashimo yaliyokula ndani ya ukuta, injini itafunguka lakini silinda itahitaji kuchongwa, kwa hiyo mweleze mwenye mali mapema kabla gharama haijapanda.

Ya mzee: silinda ya juu pistoni iko karibu katikati, kutu hafifu. Ya chini nayo katikati, kutu nzito upande mmoja, kama mwezi mchanga. Nilifurahi. Pistoni zikiwa katikati ya safari yake, nguvu ya kuzisukuma inakuwa na mahali pa kwenda.

Hatua ya tatu: ilaze, ndipo utie dawa

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Injini ya boti ikisimama wima kama inavyofungwa kwenye boti, silinda zake zimelala. Ukimimina mafuta kwenye tundu la plagi yatatuama upande wa chini wa silinda, na upande wa juu wa ringi hautapata hata tone. Mtu humimina kila siku kwa mwezi mzima, akaniambia, "Nimejaribu dawa zote." Dawa hazikufika.

Kwa hiyo toa kabureta na uziweke kando. Mguu umeshatoka na maji yote ya ndani yameshachuruzika. Sasa laza kiwiliwili juu ya matairi mawili makuukuu, upande wa kabureta chini, matundu ya plagi yakitazama mbinguni. Weka sinia chini ya mdomo wa kabureta. Sasa silinda zimesimama kama vikombe, na chochote utakachomimina kitakaa juu ya pistoni na kuizunguka ringi yote.

Dawa yenyewe: nusu asetoni, nusu mafuta ya gia ya otomatiki, yale mekundu ambayo chupa yake huandikwa ATF. Asetoni hupenya, mafuta hubaki nyuma yake kulainisha. Havichanganyiki vizuri, kwa hiyo tikisa chupa kila mara kabla ya kumimina. Wapo wanaotumia dizeli na mafuta ya taa, na hufanya kazi, ila polepole. Mimi hutumia asetoni siku mbili tatu za kwanza, baadaye ATF tupu, kwa sababu asetoni huharibu sili za mpira ikikaa sana. Na asetoni ni moto. Jirani zangu pande zote mbili ni wachomeleaji, kwa hiyo kazi hii huifanya nyuma ya kibanda, mbali na cheche na jiko, na usiku hufunika matundu kwa kitambaa.

Mimina kama kikombe kidogo cha kahawa kwa kila silinda, mililita 60 hivi. Kwa pistoni za milimita 80 kama za hii, ni kina cha zaidi kidogo ya sentimita moja. Chukua spoku ya baiskeli, ichovye hadi iguse pistoni, na uikwaruze alama mahali mafuta yanapofika. Spoku hiyo ndiyo saa yako. Kesho yake ichovye tena. Mafuta yakiwa palepale, ringi bado imeziba kabisa. Yakishuka, yanapita, na yanakopita kutu inalegea.

Kwa silinda ambayo pistoni yake imeshuka hadi chini, mafuta hutorokea kwenye tundu la moshi. Hiyo itie kidogokidogo, mara nyingi kwa siku.

Siku ya kwanza na ya pili spoku ya silinda ya chini haikuonyesha badiliko lolote. Siku ya tatu mafuta yalikuwa yameshuka kiasi cha punje ya mchele. Siku ya nne asubuhi silinda ya juu ilikuwa kavu, na kwenye sinia kulikuwa na kidimbwi chekundu chenye chembe za kahawia. Nilimpigia mzee simu nikamwambia imeanza kukohoa.

Joto husaidia, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kalibu, kwa hiyo ukiipasha pistoni moto inakaza zaidi ndani ya silinda. Faida iko kwenye kupasha na kupoza: kila mara vyuma viwili vikitanuka kwa viwango tofauti, kutu iliyo kati yao inapasuka, na ikipoa inavuta mafuta ndani ya mipasuko. Mimi humimina maji ya moto kutoka birikani polepole juu ya bodi ya silinda kwa nje, huku matundu ya plagi yamezibwa, halafu naiacha ipoe. Asubuhi na jioni. Kamwe usiweke moto wa gesi kwenye injini iliyotiwa asetoni.

Hatua ya nne: kuisogeza

Usianze kabla spoku haijakuambia mafuta yanapita. Ikifika hapo, una njia mbili.

Ya kwanza ni soketi kwenye nati ya flaiwili. Ukiitazama injini hizi kwa juu, huzunguka kwenda upande wa mshale wa saa, na nati nayo hukazwa upande huohuo. Kwa hiyo kwa nati unaweza kusukuma upande mmoja tu. Ukigeuza upande wa pili utailegeza.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Flaiwili ina matundu matatu yenye hesi, ya kufungia chombo cha kuing'olea. Mpe mchomeleaji kipande cha chuma bapa cha sentimita 60, atoboe matundu yanayolingana, ukifunge juu ya flaiwili. Sasa una mpini wa kusukuma pande zote mbili. Angalia sana urefu wa bolti. Chini ya flaiwili kuna koili za umeme, na bolti ikizidi kwa milimita chache inazitoboa. Nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa pili kazini, kwenye injini ya mtu maskini, na koili ile ilinigharimu mshahara wa wiki tatu. Tangu siku hiyo hupima kina cha tundu kwa kijiti kabla ya kufunga bolti.

Chora mstari wa chaki kuanzia flaiwili hadi kwenye bodi. Shika mpini kwa mikono miwili, sukuma taratibu ukiongeza nguvu, shikilia ukihesabu hadi kumi, achia. Vuta upande wa pili vivyo hivyo. Usirukie, usigonge, usiongeze bomba. Mikono yako miwili kwenye mpini wa sentimita 60 ndiyo nguvu yote inayoruhusiwa. Ikikataa, mimina mafuta na urudi kesho.

Yetu ilikataa siku ya sita na ya saba. Siku ya tisa, nikiwa nimeshikilia, nilihisi kitu mkononi kabla sijakiona, kama mlango uliovimba kwa mvua unapoachia kidogo. Nilitazama chaki: mstari ulikuwa umeachana kwa unene wa ukucha. Hapo mtu hutaka kuizungusha yote mara moja. Jizuie. Irudishe nyuma unene wa ukucha, mbele kidogo zaidi, nyuma tena. Kutu iliyokwanguliwa imekaa njiani kama mchanga, na ringi ikiipanda kwa nguvu inakwaruza ukuta. Tia mafuta, nenda mbele, rudi nyuma. Ilituchukua saa mbili kupata mzunguko mmoja kamili.

Ikishindikana baada ya wiki tatu

Basi hedi itoke. Legeza bolti zake kwa mpangilio wa kuvukavuka, kila moja robo kwanza. Inayokataa ipashe moto wa kiasi (asetoni iwe imekauka siku nyingi), igonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa ndipo ujaribu tena. Ikikatika, usijaribu kuitoboa kwa drili ya mkono. Mpelekee mwenye mashine.

Hedi ikitoka unaweza kutandaza kitambaa kilicholowa ATF juu ya pistoni, na kuisukuma kwa kipande cha mti mgumu. Mimi nina magogo madogo ya mvule niliyokerezewa Gikomba, yanapungua kipenyo cha silinda kwa milimita mbili tatu. Gogo likae juu ya pistoni yote, ulipige kwa nyundo ya kilo moja, mapigo mafupi, huku mwenzako akishikilia mpini wa flaiwili upande unaotakiwa. Usiguse pistoni kwa chuma. Na kama pistoni iko juu kabisa au chini kabisa ya safari yake, usiipige hata kidogo: konrodi na kranki vimenyooka mstari mmoja, hakuna pa kwenda, utaivunja beringi. Wapo wanaojaza grisi silindani kwa pampu ili isukume. Kwenye injini ya mipigo miwili grisi huishia kwenye matundu ya moshi, nawe unabaki na siku nzima ya kuisafisha.

Imezunguka. Usiiwashe.

Mzee alikuja siku ya kumi, akaizungusha flaiwili kwa mkono wake, akasema, "Basi tia petroli." Nilimwomba anisamehe. Injini iliyotoka kwenye kutu ina chembe ndani, na beringi za kranki za injini hizi ni sindano na mipira midogo inayolainishwa na oili iliyo kwenye petroli tu. Ikiwashwa hivyo, chembe hizo husaga kila kitu kwa dakika chache.

Toa hedi kama hukuwa umeitoa. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda: unakokwama, kuna mkwaruzo wa kweli. Madoa yasiyoshika ukucha huondoka kwa mawe ya honi na oili nyepesi. Yanayoshika yapeleke Industrial Area wapime kipenyo, wachonge, nawe ununue pistoni za saizi ya juu. Badilisha ringi hata kama za zamani zinaonekana nzima. Badilisha sili za kranki, ya juu na ya chini, kwa kuwa miaka na asetoni zimezimaliza. Sili ikivuja hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi na pistoni inaungua. Zungusha kranki polepole plagi zikiwa nje na usikilize ukiwa umeegemeza bisibisi kwenye bodi na mpini wake sikioni. Mlio laini ni sawa. Ukihisi mchanga, kranki ishuke.

Silinda ya juu ya injini yetu ilisafishwa tu. Ya chini ilichongwa.

Baada ya kufunga, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na hapa Nairobi ina neno lake. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina takriban asilimia 82 ya mgandamizo wa hewa ya pwani. Injini inayosoma pauni 120 kwa inchi ya mraba Mombasa itasoma karibu 98 hapa, na haina ubaya wowote. Watu wamenunua ringi mbili mbili kwa kutojua hili. Kinachonihusu mimi ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi asilimia kumi.

Vingine nitavipita haraka, maana ni kazi ya kawaida. Fungua kabureta zote, safisha jeti (vitundu vya kupitishia petroli) kwa dawa na hewa, usizitoboe kwa waya. Badilisha mipira ya petroli, utando wa pampu ya petroli, impela ya maji, oili ya gia na plagi. Chemsha thamostati ndani ya sufuria uione ikifunguka. Petroli ya zamani itoke yote, hata kama inanuka vizuri.

Kuiwasha kwenye pipa

Pipa la lita 200, injini imefungwa wima kwenye mbao imara, propela imetolewa, maji yamefunika matundu ya kunyonyea na kupita juu ya bamba lililo juu ya propela. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, kwa hiyo jaza mapema. Mitungi kumi ya lita 20 si ya kukimbizana nayo injini ikiwa inanguruma. Fanya nje. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito kwa sababu ya ATF iliyobaki, na majirani wataulizia, waambie kabla.

Changanya petroli 25 kwa oili 1 kwa tangi la kwanza, oili iliyoandikwa TC-W3, si ile ya pikipiki. Tangi la pili urudi kwenye 50 kwa 1. Ikiwaka, tazama kitundu cha maji kabla ya kusikiliza mlio. Maji yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Yakitoka, iache kwa mwendo wa chini dakika tano, izime, ipoe kabisa, kaza hedi tena kwa kipimo cha kitabu chake. Rudia dakika kumi. Rudia robo saa.

Ya mzee iliwaka mvuto wa sita. Maji yalitoka kwanza ya kahawia, kisha meupe, uzi mwembamba wa moja kwa moja ukigonga ukingo wa pipa. Mzee aliweka kidole chake kwenye uzi huo akakiacha pale muda mrefu, akipima joto kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto.

Aliniomba jambo moja nikalikataa. Injini ilikuwa ikitoa moshi kidogo zaidi ya alivyoikumbuka, akataka nitie jeti ndogo ipunguze petroli. Kwenye hewa nyembamba ya Nairobi injini hupata petroli nyingi kupita kiasi cha hewa iliyopo, ndiyo maana inafuka. Ziwa Victoria liko mita 1,134, hewa ni nzito zaidi, na huko itakaa sawa. Nikitia jeti ndogo hapa, ikifika Mbita ikabebeshwa nyavu na watu wanne, itakuwa na petroli pungufu, pistoni itachemka na kushika tena, mara hii kwa kuungua. Kwa hiyo jeti za kiwandani zilibaki. Skrubu ya mwendo wa chini niliirekebisha kidogo tu, nikamwandikia kwenye kipande cha katoni ni mizunguko mingapi, ili fundi wa huko airekebishe wakiwa majini.

Iliondoka ikiwa imesimama wima nyuma ya pikapu, imefungwa kwenye fremu kwa kamba tatu, mguu chini, ili tone lolote la maji lishuke kwenye mguu na lisipande silindani.